Jina la Nane

New Hope, Minnesota
19 Januari 2025

Shangazi yangu Saadia,

Assalamu alaykum. Nakuamkia kwa heshima zote, na natumai barua hii inakukuta na afya na lile goti limepoa. Sisi wazima. Baridi ya wiki hii ni ile ya kukausha pua. Jana gari ilikataa kuwaka mpaka jirani akaja na nyaya zake. Bashir wangu bado anaendesha trela, leo yuko njia ya Texas. Aaliyah ameota meno ya mbele, sasa ana mdomo wa kubishana na kila mtu, tena kwa Kiingereza. Isa anatambaa, na hakuna kitu asichokitia mdomoni. Mimi bado niko ghalani Shakopee. Nikirudi mchana miguu imevimba, napika, naosha, na wakati mwingine nalala nimekaa na kijiko mkononi. Usinionee huruma, nakupa habari tu.

Habari kubwa ni ya Babu. Amepata nafasi ya hija mwaka huu, pamoja na kundi la msikiti. Wataondoka tarehe 27 Mei, na Bashir atakwenda naye kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Alipoambiwa alilia, na wewe unajua Babu halii.

Sasa Shangazi, nimekaa na kalamu kwa sababu simu umenikataza. Kila nikigusa habari za Barawa unaniambia, "Lubna, hayo si ya kwenye simu," utadhani serikali ile bado iko na imetutegea sikio. Basi barua hii nampa mke wa Yasser, anakuja Mombasa Ijumaa.

Unajua kwetu mtu hawezi kwenda hija kabla hajaomba radhi. Zamani alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, siku hizi anatuma sauti moja kwenye grupu na amemaliza. Babu aliniambia nimshikie simu, akasema vizuri kabisa: "Ndugu zangu, niliyemkosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba anisamehe." Grupu ya Wabarawa wa hapa ina watu mia na arobaini. Majibu yakamiminika, tumekusamehe mzee wetu, utuombee, na maua chungu nzima. Babu anachekelea kama bwana harusi.

Halafu Bi Barke wa Saint Paul naye akatuma sauti. Ni bibi mmoja mjane, mpole, mimi huonana naye kwenye maulidi tu. Alisema maneno machache. "Nurein, mimi hukunikosea kwa kutojua. Litaje ulilonifanyia, kisha niombe."

Mwenye kuisimamia grupu akaifuta ile sauti, lakini nani alikuwa hajaisikia? Nilimwuliza Babu, akasema, "Kizee kile akili zimemruka." Lakini tangu siku hiyo chai yangu anaiacha inapoa mbele yake. Na Jumatano kazini, kwenye chumba cha kupumzikia, dada mmoja wa kwetu akaniuliza, "Ati babu yako alimfanya nini Bi Barke?" Nikamwambia sijui. Aliniangalia kama mtu aliyenikuta nimeweka mkono kwenye mkoba wake.

Shangazi, alimfanya nini?

Ni mimi mwanao,
Lubna

*

Mombasa
11 Februari 2025

Lubna mwanangu,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata na vitamini nimezipata, Mungu akuzidishie. Goti ni lile lile. Huku ni jua na maji ya mfereji mara mbili kwa wiki. Binti wa jirani ameolewa, nilialikwa, nikaenda, wali ulikuwa na kiini. Isa usimwache alale na chupa mdomoni, meno yataoza kabla hayajatoka. Na wewe ule. Mwanamke anayekula mabaki ya watoto akisimama jikoni hajala.

Mambo ya Bi Barke yaache. Wewe umezaliwa hapa Mombasa, nchi ile huijui. Wanajeshi walichukua serikali mimi nina miaka mitano, nikaolewa bado wako, nikazaa bado wako. Picha ya Siad, mkubwa wao, ilikuwa imetundikwa shuleni pamoja na ya wale wazungu wawili, mmoja ndevu tele na mwingine upara, na asubuhi tulikuwa tukiwaimbia wote watatu. Kila mtu alifanya jambo ili aamke salama. Kisha yule bwana akakimbia, nchi ikavunjika, na sisi tukaja huku na nguo tulizovaa. Yamekwisha.

Baba alikuwa karani tu pale Kituo. Ana miaka themanini na nne. Mwache aende kwa Mungu wake.

Na kwa Bi Barke usiende.

Nimekuwekea halwa kilo moja na viatu vya Aaliyah. Vikiwa vikubwa atavikulia.

Shangazi yako

*

New Hope
16 Machi 2025, mwezi kumi na sita Ramadhani

Shangazi mpenzi,

Salamu na dua. Tumefunga vizuri, alhamdulillahi, ingawa mimi kazini nakwenda kilomita nyingi na skana mkononi, na saa ya mwisho kabla ya magharibi nawachukia watu wasio na hatia. Halwa ilifika, Babu amekula na kusifu. Viatu vimemtosha leo leo, mtoto ana mguu wa babake.

Shangazi, nimekwenda. Najua ulinikataza. Lakini uliniandikia "karani wa Kituo", nami nikawa nafunga maboksi siku nzima nikijiuliza, Kituo gani?

Nilikwenda Jumamosi nikamkuta anakata vitunguu vya futari. Akanitazama mlangoni, akasema, "Umeleta sambusa au umeleta maswali?"

Nikamwambia, "Vyote viwili, Bibi."

"Basi sambusa weka mezani. Maswali kaa nayo kwanza, unisaidie nyama."

Alinieleza mikono yake ikiwa inafanya kazi, hakunyanyua macho. Kwamba wanajeshi walipochukua nchi watu walicheza ngoma barabarani, yeye pia alicheza. Kwamba kila mtaa ulijengewa Kituo cha Mwongozo, jioni watu wanakwenda kupiga makofi na kumsifu Mkubwa, hata harusi zikawa zinafungwa huko. Na katibu wa Kituo cha mtaa wao alikuwa Babu. Ndiye aliyejua nani amekuja na nani amejifanya mgonjwa.

Halafu Januari ya mwaka sabini na tano masheikh kumi walipigwa risasi Mogadishu kwa kuipinga sheria mpya ya mirathi. Mume wake, Maalim Uwesi, alikuwa akisomesha chuo cha Kurani. Akaita wanaume wachache wawasomee hitima wale masheikh, nyumbani kwake, milango imefungwa. Babu alikuwamo. Babu ndiye aliyegawa juzuu, huyu shika hii, wewe shika hii, kwa sababu yeye na Maalim walikuwa marafiki tangu wako chuoni, wanalala mkeka mmoja.

"Walikuwa tisa," aliniambia. "Nilihesabu vikombe."

Wiki moja baadaye walichukuliwa wanane. Saba walirudi baada ya miezi. Maalim Uwesi hakurudi, wala hakurudishiwa hata kanzu yake. Bi Barke ana miaka hamsini hajui alizikwa wapi.

Nikamwuliza alijuaje kama ni Babu. Akasema aliitwa kuhojiwa, na karatasi ya majina ilikuwa mezani mbele ya yule afisa. Herufi zenyewe zilikuwa zile mpya za serikali, za Kizungu, yeye hakujua kuzisoma. "Lakini kuona naona. Mistari ilipigwa kwa rula. Ulikuwa mwandiko wa mtoto wa shule."

Shangazi, nimehesabu mara nyingi. Mwaka ule baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na miaka miwili. Nyumbani kwa Babu nani alikuwa mtoto wa shule?

Bi Barke alinifungia futari kwenye mfuko nimpelekee Babu. Nilishindwa kumwambia imetoka wapi. Alikula yote.

Lubna

*

Mombasa
20 Aprili 2025

Lubna,

Salamu. Idi ilipita salama. Nimechelewa kukujibu na sitasema ilikuwa ni goti.

Nilikuwa mimi.

Nisomee polepole. Nchi ilipewa herufi zake nikiwa darasa la pili, na mwaka mmoja tu baadaye kila ripoti ya serikali ikatakiwa iandikwe hivyo. Baba alijua za Kiarabu peke yake. Katibu wa Kituo hajui kuandika! Angechekwa, angeondolewa. Kwa hiyo kila Alhamisi nilikaa naye mkekani, yeye anasema, mimi naandika. Nani alikuja, nani hakuja, nani alisinzia hotuba ikisomwa. Nilikuwa na skafu ya kijani ya vijana wa serikali na rula ya mbao. Lubna, nitakuambia kitu cha aibu kuliko vyote: nilifurahi. Usidhani tulikuwa tunaishi kwa kulia. Shule ilikuwa bure, mama zetu walifundishwa kusoma, barabara ilifika. Tulimpenda yule mtu. Ukiwa na miaka kumi na moja na unampenda mtu mwenye picha kubwa hivyo, huoni watu wadogo.

Ile hitima ilijulikana kabla ya sisi kuandika. Afisa alikuja nyumbani, akanywa chai, akamwambia Baba, "Katibu, nasikia mtaani kwako kuna watu wanawalilia wasaliti. Nataka majina kesho, au niandike la kwako." Baba alitaja, mimi nikaandika.

Sasa umejua. Bi Barke tulikuwa naye kambi moja pale Utange baada ya vita, tukipanga ndoo kwenye bomba moja, na siku moja nilimsaidia kujitwika. Akaniambia ahsante mwanangu. Mume wangu hajui. Watoto wangu hawajui. Nakuomba, kwa mikono hii iliyokulea babako alipofariki, mwache Baba aombe kwa jina lake peke yake. Langu liache.

Wabusu watoto.

Saadia

*

New Hope
11 Mei 2025

Shangazi,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeisoma kwenye gari, uwanja wa kuegesha pale ghalani, nikaingia kazini nimechelewa nikapewa onyo. Si neno. Isa amesimama. Anasimama, anashangaa, anaanguka. Aaliyah anakusalimu.

Nakueleza yote, hata yale nisiyoyapenda.

Jumapili iliyopita nilimwambia Babu, "Twende Saint Paul." Akasema hana shida Saint Paul. Nikamwambia, "Babu, pasipoti yako ninayo mimi."

Akanitazama. "Na wewe umekuwa afisa?"

Shangazi, neno lile lilinikata. Niliitoa pasipoti kabatini papo hapo nikamwekea mapajani. Nikamwambia, "Shika. Nenda. Mimi nimekuogesha miaka mitatu, nitaendelea kukuogesha ukirudi. Lakini kukuita Alhaji sitaweza. Mdomo utakataa."

Akaigeuzageuza ile pasipoti. Aaliyah akauliza, "Mama, is Babu in trouble?" Babu akamjibu yeye, si mimi. Alisema, "Ndiyo." Kisha akaomba viatu.

Bi Barke alituwekea chai kama wageni wengine. Babu akaanza, "Barke, kama nilikukosea..."

"Hakuna kama."

"Nilikukosea."

"Nini?"

Babu akayataja majina, moja moja, na majina ya baba zao, kama mtu anayesoma ukutani. Nilihesabu kwa vidole chini ya mtandio. Saba. La nane lilimshinda. Bi Barke hakumsaidia. Alimwangalia tu kama mtu anayengoja maji yachemke.

Mwisho akamwuliza jambo jingine. "Ile karatasi aliandika nani?"

"Niliandika mimi. Mkono ni wangu."

"Mkono wako?"

"Wangu."

Bi Barke akainuka, akachukua kikombe cha Babu kilichojaa akakimwaga sinkini. "Umevuka bahari kuja kunidanganya ndani ya nyumba yangu. Miaka hamsini, Nurein! Nenda kwako."

Nami nilikuwa nimekaa pale. Isa mapajani, barua yako ndani ya mkoba. Najua ni uongo, na nikanyamaza. Nikamfungia Babu zipu ya koti, nikamshika mkono mpaka kwenye gari, nikaendesha. Tulipofika Golden Valley nilisimamisha gari pembeni nikalia kwa hasira, Shangazi. Kwa sababu mimi sikuwa na bunduki mbele yangu. Mimi hakuna aliyekunywa chai kwangu akinitisha. Nilinyamaza bure.

Kesho yake, nilipotoka kazini, nilikwenda peke yangu. Nilimwambia Bi Barke mkono ulikuwa wako, na kwamba ulikuwa na miaka kumi na moja, na kwamba uliandika ulichoambiwa. Sikukuomba ruhusa. Ningekuomba ungenikatalia, na mimi ningekutii, maana nimezoea kukutii.

Akasema, "Nilijua. Nyumba ile haikuwa na mtoto mwingine mwenye rula. Saadia nilimsamehe zamani. Nilimwona Utange anabeba ndoo, nikasema moyoni, mtoto huyu alitumwa, sina kitu naye. Ninachomdai Nurein ni akiri kwamba alimshikisha mtoto kalamu. Mpaka leo anamficha. Anaficha nini tena, kama mtoto hana kosa?"

Babu nimemweleza maneno hayo hayo. Amefunika uso na kanzu. Chakula anakula kidogo. Siku zimebaki kumi na sita.

Ukinikasirikia una haki. Lakini wewe umesamehewa, Shangazi. Nilitaka uipate habari hii kwangu. Mwandikie japo mistari miwili. Lubna mwanao amefanya alivyoona.

Anayekuletea barua hii ni Muriuki, kijana wa kazini kwetu, anakwenda kwao kwa mazishi na atapitia Mombasa. Atageuza wiki ijayo.

Lubna

*

Mombasa
18 Mei 2025

Lubna mwanangu,

Kijana wako yuko sebuleni anakula, mtoto mwenye adabu. Nimemwomba aningoje. Salamu zitabaki, sina muda nazo.

Sijakukasirikia. Ungenyamaza ningekukasirikia kaburini.

Lakini ulimwambia Bi Barke niliandika nilichoambiwa, na hilo nilikuandikia mimi, nalo ni uongo. Nisikilize.

Baba alinitajia majina saba. Saba tu. Na akaniambia niandike kwamba walisomea msikitini. Maalim Uwesi hakumtaja, wala nyumba yake hakuitaja. Alipofika hapo alisita, akashika magoti, akasema, "Basi, wamekwisha. Weka kalamu." Alitoka kwenda kuswali na karatasi akaniachia niipige mstari wa mwisho.

Mimi nilijua kwamba hawajakwisha. Mtaa mzima ulijua hitima ilisomwa kwa Maalim. Miaka mingi nilijiambia kwamba nilidhani Baba amesahau. Si kweli. Niliona alivyosita. Wiki ile Maalim alikuwa amenicheka chuoni mbele ya wasichana, akaishika skafu yangu ya kijani kwa ncha ya vidole akasema, "Hii ni ya kufutia nini?" Wote wakacheka. Nikachukua rula, nikapiga mstari wa nane, nikaandika jina lake na nyumba yake. Niliandika vizuri kuliko yale mengine. Oktoba yake, sikukuu ya mapinduzi, nilichaguliwa kubeba bendera.

Baba aliipeleka karatasi bila kuweza kuisoma.

Siku walipomchukua Maalim, afisa alimpongeza Baba kwa jina la nane. Hivyo ndivyo alivyojua. Alirudi nyumbani, hakunipiga. Alichukua skafu akaitia jikoni motoni, akakaa mlangoni mpaka adhuhuri. Kutoka siku hiyo mpaka leo hajanitajia jambo hilo, na mimi sijamtajia. Tumepita vita, tumepita kambi, tumemzika mamangu na babako, nalo liko katikati yetu limekaa.

Kwa hiyo si kiburi kinachomfunga mdomo mbele ya Barke. Jina lile hakulitaja kwa afisa, na kwa Barke hawezi kulitaja bila kunitoa mimi. Yale saba ni yake, na ameyasema. La nane ni langu.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, nimeifunga kwa gundi. Ni ya Bi Barke. Nimeandika mimi ni nani na nilifanya nini, na jina la mume wake na la baba yake. Hajui kusoma herufi hizi, basi msomee wewe, Lubna, na usiruke neno, hata ukifika pale pa skafu. Fanya hivyo kabla ya tarehe ishirini na saba. Akimsamehe Baba, Baba aende. Mimi asiponisamehe ana haki, nami nitaipokea.

Mume wangu nimemwambia jana baada ya magharibi. Amehamia kwa mwanawe wa kwanza kwa siku chache. Usijilaumu.

Na jambo moja nakuomba. Najua moyo wako, utaingiwa na huruma pale umekaa mbele yake, utataka kuongeza la kwako ili kunisaidia. Usiongeze. Usimwambie kwamba nilikuwa mtoto.

Saadia binti Nurein